Chupa nne za Perpétue na safari ya Kitgum

Treni ya mizigo ya asubuhi imeshapita na vumbi lake bado linaelea juu ya mabati ya Namuwongo, mtaa wa Kampala. Kando ya reli, kwenye uwanja wa mafundi, Perpétue Kavira amepiga magoti mbele ya gari dogo la bluu. Anafungua koki ya chini ya rejeta. Maji ya rangi ya chai iliyolala yanatiririka kwenye beseni.

Hayamwagi maji hayo. Anayakoroga kwa kijiti, anayatazama kwenye mwanga, kisha anayagawa katika chupa nne za kioo zilizokuwa za siagi ya karanga.

Nyuma yake, kivulini, mama mzee aitwaye Alal amelala juu ya godoro. Godoro ni la Abwola, mpika chapati wa hapo uwanjani. Alilitoa kibandani kwake bila kuombwa, alipomwona mzee akiteremshwa garini huku ameuma midomo.

Nyonga ya Alal ilivunjika mwaka jana na haikuunga vizuri. Hawezi kuketi kwenye kiti cha basi. Jana alipata habari kwamba dada yake mkubwa amefariki huko Kitgum, mbali kaskazini mwa Uganda, na mazishi ni kesho. Gari hili la bluu ndilo pekee linaloweza kumfikisha, akiwa amelazwa kiti cha nyuma.

Lakini jana jioni lilichemka likiwa halijafika hata Bugolobi, ambako mtu huenda kwa miguu.

Mwenye gari ni mwanawe, Ojera, askari polisi mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Afande. Anataka waondoke mapema ili wavuke daraja la Karuma kukiwa bado na mwanga. Anazunguka gari, anatazama saa, anazunguka tena.

"Mama Exaucée, weka dawa yoyote tu, sisi tuende," anasema.

"Papa, hiyo dawa yoyote ndiyo inaua magari," Perpétue anamjibu bila kuinua kichwa.

Mama Exaucée ni jina analoitwa hapa, kwa bintiye mkubwa. Ana miaka arobaini na mitatu, ni mkimbizi kutoka Butembo, mashariki mwa Kongo, na kazi yake ni moja tu: kuosha rejeta na njia zote za maji ndani ya injini. Mafundi wengine wakikuta gari linachemka, humletea yeye kabla ya kufungua kitu kingine. Siku njema humpa shilingi elfu thelathini. Siku mbaya hurudi nyumbani na harufu ya kutu tu.

Kazi hii aliirithi kwa baba yake, mzee Katembo, aliyekuwa akiosha rejeta za malori huko Butembo miaka ambayo hakuna dawa ya dukani iliyofika.

"Baba alikuwa anatutuma sokoni kuokota malimau yaliyoharibika," anakumbuka. "Tunakamua ndoo mzima. Jirani walikuwa wanasema, familia hii inakunywa limau sana, ndiyo maana wako wakondefu."

Alipofika Kampala aliuza vitenge vya mtumba katika soko la Owino kwa muda, hadi siku alipomsikia fundi mmoja akilalamika kwamba hakuna mtu anayejua kuosha rejeta bila kuitoboa. Alimwambia anajua. Fundi alicheka, kisha akamjaribu, na tangu siku hiyo hakurudi Owino ila kununua.

Hununua ndimu ya unga kwenye meza za viungo. Hiyo ni ya kutu. Mafuta ya injini yakiingia kwenye maji, hutumia sabuni ya vyombo. Kwa uchafu mzito unaonata hutumia magadi kidogo, yale yale ya kulainishia maharage. Na mara nyingine, anasema, maji safi ya moto peke yake yanatosha, na mteja huona kama ameibiwa.

Asubuhi hii anatia ndimu, sabuni na magadi, kila kimoja kwenye chupa yake, na kukoroga. Ya nne anamwachia Pitshou atie dawa yake.

Pitshou ni kijana mwenzake kutoka Kongo, anauza dawa za magari kwenye meza iliyo mkabala. Ana asidi kwenye chupa isiyo na karatasi. Anaapa kwamba inasafisha rejeta kabla chai haijapoa.

"Mama Exaucée anafunga ndoa na kila gari," Pitshou anamwambia Ojera. "Kwanza uchumba, halafu mahari, halafu ndiyo aguse. Afande, mama yako amelala hapa. Nipe mimi."

Ojera anamtazama Perpétue. Mkono wake tayari uko mfukoni.

Perpétue hamkatazi. Anakunja mkono wa sweta na kumwonyesha kovu jeupe kwenye kifundo cha mkono, la siku alipofanya kazi chini ya fundi aliyependa asidi ya namna hiyo. Anaeleza kwa utulivu kwamba inakula kutu kweli, ila haichagui, na baada ya kutu hula risasi ya kulehemu inayoshika rejeta, kisha mipira. Gari la mteja wa fundi yule lilitoka linang'aa. Wiki ile ile lilirudi likivutwa kwa kamba.

"Unipe muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai," anamwambia. "Chupa zitaongea."

Ojera anatoa mkono mfukoni. Abwola anamletea Perpétue chai, ya pili anampelekea Alal, na anakaa hapo kumshikia kikombe kwa sababu mzee hawezi kujiinua vizuri.

Chai haijaisha, Perpétue anarudi kwenye chupa. Ya ndimu imepauka kidogo, kama alivyotarajia, kutu ipo. Ya sabuni haina mafuta juu. Ya Pitshou inatoa mapovu. Mkono wake unaenda kwenye mfuko wa ndimu ya unga, kwa kuwa jibu limepatikana, na muda unakwenda.

Kisha anaiona ya magadi. Imegeuka nyekundu. Nyekundu ya kuiva, kama maji yaliyooshewa nyama.

Anaiinua, anaigeuza. Katika miaka yote ya kuosha rejeta hajaona maji ya injini yenye rangi hiyo. Uso wake unabadilika, na Ojera, aliyezisoma nyuso nyingi kazini kwake, anaacha kuzunguka gari.

"Abwola, njoo uone hii," Perpétue anaita.

Abwola anakuja akifuta unga mikononi. Anainama, anatazama, na hafikirii hata kidogo.

"Hii ni gauni ya mtoto wangu," anasema. "Ilimwagikiwa mchuzi, mimi nikapaka sabuni ya kufulia, ikawa namna hii hii."

Wanawake wawili wanatazamana. Perpétue anapeleka pua kwenye mdomo wa rejeta na kukaa hapo muda mrefu. Chini ya harufu ya kuungua na chuma kuna harufu nyingine, ya jikoni.

Anamshika Ojera kiwiko, anampeleka nyuma ya gari na kushusha sauti.

"Afande, mimi sikucheki. Uliweka nini mu hii rejeta?"

"Maji," Ojera anasema.

"Maji na nini?"

"Maji tu, nnyabo," anasema, akimwita mama kwa Kiganda.

Kwenye godoro, macho yakiwa yamefumbwa, Alal anasema kwa Kiswahili cha kambini alichojifunza kwa marehemu mume wake mwanajeshi: "Maji na binzari yangu. Paketi tatu. Mimi nilidhani ni panya, mpaka nikaona panya mwenye kofia ya polisi."

Pitshou anacheka hadi anakalia tairi. Anasema Afande alipika injini vizuri kabisa, alisahau chumvi tu. Hata Ojera anatabasamu, kwa sababu hakuna namna nyingine, na mabega yake yanashuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

Kisha anaeleza. Wiki mbili zilizopita rejeta ilianza kuvuja akiwa njiani kutoka Luwero. Dereva mmoja mkongwe waliyekuwa naye kambini alimfundisha zamani kwamba ukitia binzari, ile ya manjano, kwenye maji ya rejeta, unga wake utakwenda kwenye tundu, utavimba na kuziba. Alitia paketi moja ikaziba. Akaona akiongeza itaziba zaidi.

"Inaziba kweli," anasema Perpétue. "Inakufikisha nyumbani. Lakini ukiongeza, inaziba tundu mbaya na tundu nzuri pia. Madereva wengi wanafanya, na wengi hawasemi. Wanaona haya kwa sababu ni kitu ya jikoni."

Anafunga mfuko wa ndimu na kuuweka kando. Kama angeutumia, anasema, kutu ingetoka na tope la binzari lingebaki limegandamana kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Gari lingeondoka likionekana limepona. Lingechemka tena barabarani, mbali na watu, mama mzee akiwa nyuma.

Dawa ni maji ya moto na magadi, yale yale yaliyoigeuza binzari kuwa nyekundu. Lakini sasa kazi imekuwa ngumu kuliko mwanzo, na Perpétue haondoki mbele ya Ojera kabla hajamweleza. Binzari ikitoka, tundu lililozibwa litafunguka. Rejeta ni ya shaba, inaweza kulehemiwa, ila tundu likiwa kubwa au likiwa mahali pabaya, gari halitatoka leo. Rejeta kama hii huitafuta mtu sokoni siku nzima na asiipate.

Ojera anamwomba asiguse chochote. Anasema waoshe juu juu tu, watembee polepole, wasimame kila mji, wamwagie maji. Sauti yake inapanda. Anasema yeye ndiye aliyemwahidi mama yake jana, mbele ya watu wa ukoo kwenye simu, kwamba atamfikisha.

"Ojera," Alal anaita. "Wacha. Mimi ndiyo ninasafiri."

Anamwomba Perpétue asogee. Anamwita nyara, yaani binti yangu kwa Kiacholi. Perpétue anapiga magoti kando ya godoro.

"Nyara, hiyo binzari ikibaki, nitafika?"

"Sijui, mama. Naogopa hautafika."

"Na ukiitoa?"

"Ikitoka na nikishindwa kuziba, hautatoka hapa leo."

Alal anafumba macho. Upande wa pili wa reli mtu anapiga bati, na nyundo hiyo inasikika mara kadhaa kabla mzee hajafungua macho.

"Toa," anasema. "Afadhali nilie hapa, kuna watu. Sitaki kulia barabarani mahali sijui mtu."

Abwola anaondoa karai la chapati jikoni bila kuulizwa na kubandika sufuria ya maji. Wateja wake wawili wanabaki wamesimama. Mmoja anaanza kunung'unika, anaelezwa, naye anakwenda kuchota maji mengine.

Perpétue anayeyusha magadi, kidogo kuliko ambavyo Ojera angependa. Anasema yakizidi yatadhuru sehemu za injini zisizo za shaba. Anamimina, anawasha injini, anaiacha iungurume taratibu, kisha anazima na kungoja ipoe kidogo kabla ya kufungua. Yanatoka maji mekundu yenye vipande vilaini kama ukoko wa uji. Anarudia. Safari ya tatu vipande vimepungua. Anaosha kwa maji matupu hadi yanatoka meupe.

Na hapo, chini ya kona ya kushoto ya rejeta, tone linajitokeza. Linaning'inia. Linaanguka kwenye mchanga, na lingine linafuata.

Ojera anakwenda kukaa chini kando ya mama yake na kuushika mkono wake. Saa hatazami tena.

Perpétue anafungua skrubu, anaitoa rejeta nzima na kuibeba kama mtoto mchanga hadi kwenye meza. Ana risasi ya kulehemu, lakini mtungi wake wa gesi umebakiza pumzi tu. Moto wake unapepea na kuzimika.

Pitshou, aliyekuwa akicheka, anainuka. Anarudi na mtungi wake mwenyewe, ule anaoutegemea kwa kazi ya mchana, na kitambaa kilicholowa. Anaishika rejeta kwa kitambaa hicho wakati Perpétue anachoma. Moto unapita karibu na vidole vyake. Hasogei.

Tundu la kwanza linazibika. Wanaizamisha rejeta kwenye pipa la maji na kuipuliza kwa pampu ya baiskeli. Perpétue anainamisha uso karibu na maji.

Povu dogo linapanda. Si mahali walipolehemu. Ni sehemu ya pili, ndani zaidi, kwenye mshono ambao moto ukizidi kidogo utafumua wote.

"Hapo, ukikosa, basi," Pitshou anasema polepole.

"Najua."

Anafuta jasho kwa bega. Anakwangua mshono kwa wembe hadi shaba ing'ae, anapaka dawa ya kushikisha risasi, na kuuleta moto kwa mbali, kisha karibu, kisha mbali. Risasi inameta na kukimbia kwenye mshono mara moja. Anaondoa moto. Anangoja ipoe yenyewe, haimwagii maji, ingawa kila mtu uwanjani angetaka aimwagie.

Wanaizamisha tena. Pitshou anapiga pampu. Maji ya pipa yanatulia. Perpétue hainui uso wake mapema. Anatazama hadi Abwola anauliza kama amelala.

"Haivuji tena," anasema hatimaye, na ndipo watu wanapumua.

Saa sita imeshapita rejeta inaporudi mahali pake. Wanajaza maji safi na dawa ya kuzuia kutu, wanawasha injini, wote wanatazama mshale wa joto. Unapanda. Unafika katikati. Unapita katikati kidogo, na Ojera anafumba macho. Kisha unarudi katikati na kukaa hapo.

Wanamlaza Alal kiti cha nyuma, godoro la Abwola likiwa chini yake. Abwola anakataa lishushwe. Anasema yeye na mtoto watalala kwenye mkeka, Kitgum si mwezini, godoro litarudi. Anaweka na chapati. Pitshou anafunga madumu mawili ya maji kwenye buti na kumwambia Afande kwamba safari hii ni ya injini, si ya mchuzi.

Ojera anaahidi kupiga simu akifika Karuma.

Mchana unapita. Perpétue anaosha rejeta nyingine, lakini simu ameiweka juu ya boneti ambapo anaiona. Saa ya Karuma inafika, inapita. Anapiga, namba haipatikani. Pitshou anasema ni mtandao. Baadaye kidogo anasema tena ni mtandao, na sauti yake haina mzaha. Abwola anamletea chapati na yai, Perpétue anazirudisha jinsi zilivyo.

Jua limeshazama nyuma ya maghala ya viwandani simu inapolia. Ni namba asiyoijua. Ni Ojera, anatumia simu ya mpwa wake kwa sababu yake iliisha chaji, na hakuwa amesimama kuichaji. Wako Kitgum. Hakusimama Karuma wala mahali popote. Aliogopa kuzima injini.

"Nilitazama mshale zaidi ya barabara," anamwambia. "Maa alinigombeza njia nzima."

Siku iliyofuata Alal alibebwa juu ya godoro hadi kwenye jeneza kabla halijafungwa. Ojera alimsimulia Perpétue kwa simu kwamba mama yake aliomba kila mtu asogee, akaweka kiganja kwenye paji la uso la dada yake na kuzungumza naye kwa muda. Alichosema hakuna aliyekisikia, na hakuna aliyeuliza.

Siku chache baadaye Perpétue yuko tena uwanjani, amepiga magoti mbele ya gari jingine. Siku hizi, anasema, swali la kwanza anamuuliza dereva pembeni, peke yake. Tangu ile siku ameshakutana na mmoja aliyetia yai na mwingine aliyetia unga wa muhogo, na wote wawili walisema kweli.

Ana mpango wake pia. Baba yake, mzee Katembo, alifariki Butembo wakati barabara imefungwa kwa vita. Perpétue alisikia mazishi yake kwenye simu, sauti za waimbaji zikikatika katika. Lakini mama yake yuko hai. Kila Jumapili mama huyo humtumia ujumbe wa sauti, na kila Jumapili humuuliza kama anakula vizuri.

Perpétue anaweka akiba kidogo kidogo ili Januari, barabara ikiwa shwari, apitie Kasese hadi mpakani na kuvuka na Exaucée, ambaye hamjui nyanya yake. Ojera amesema yeye ndiye atakayewapeleka hadi Mpondwe, hapo mpakani. Perpétue amekubali.

"Mama Alal alifika siku ya mwisho kabisa, na namshukuru Mungu kwamba alifika," anasema, akifunga koki na kujifuta mikono. "Lakini mimi sitaki kuweka mkono kwa uso wenye umelala. Nataka nimukute mama yangu mlangoni, akiwa bado ana nguvu ya kunigombeza kwa nini nimekawia."